Ukili Niliokimbia Nao

Mdogo wangu alipokuja kwangu Mombasa mwezi uliopita kutibiwa macho, alikuja na mkeka wa mama. Nilimpokea kwa bashasha, nikamwandalia chai na mahamri, na huku moyoni namlaani. Wivu, basi. Sina jina jingine la kuupamba.

Yeye alibaki kisiwani kwetu Chula na mama miaka yote hiyo. Ndiye aliyempikia, ndiye aliyemwosha na kumvika sanda. Hata Kibajuni chetu kimekaa mdomoni mwake vilevile, anasema "mchu" badala ya "mtu" bila kufikiri. Mimi nikijaribu, wajukuu wananicheka. Kila kitu kachukua yeye!

Na mkeka ule ulikuwa wangu. Kwetu mwari akishaposwa, yeye na mama yake husuka pamoja mkeka wa ndoa. Kila mmoja husuka kili zake, ile mikanda mirefu ya miyaa, majani makavu ya mkoma, kisha huunganishwa kwa sindano. Wangu ulibakiza ukili mmoja tu wa pembeni kushonwa, niliousuka kwa mkono wangu, vita vikatufika. Mashua ilipokuja kutuchukua mama alikataa katakata kutoka kisiwani, na mdogo wangu akamkumbatia kiuno, hamwachi.

"Basi kaa na kipenzi chako!" nikamwambia mama. Nikaukunja ukili wangu, nikautia kwapani, nikapanda. Niliuchukua makusudi, ili mkeka usije ukamalizwa kwa harusi ya mdogo wangu. Mama hakusikia neno jingine kutoka kwangu. Simu zilipofika kisiwani, masikio yake yalikuwa yameshaziba.

Sasa mdogo wangu anaukunjua mkeka sebuleni kwangu. Upande mmoja umepindwa vizuri, wa pili uko wazi, umechakaa.

"Mbona hukuumaliza?" nikamuuliza.

"Niliumaliza mara tatu, dada. Nasuka, nashona, mama anakaa kitako anafumua. Anasema upande ule una mwenyewe. Mimi nampikia, nambeba, na upande una mwenyewe!" Akanigeuzia yale macho yake mabovu. "Sijapata kumchukia mchu kama nilivyokuchukia wewe."

Lo! Kumbe tulikuwa tunaoneana wivu, yeye kule, mimi huku. Na nitasema kweli: kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Mama alinitaka mimi! Aibu ilikuja baadaye, nilipovitazama vidole vilivyosuka mara tatu.

Nikautoa ukili sandukuni, tukauloweka kwenye beseni ulainike. Nilipoukunjua ukakatika, ukakatika tena, hadi nikabaki na vipande mkononi. Mdogo wangu hakucheka, ingawa angeweza.

Kesho yake nilinunua miyaa sokoni. Nilitaka kusuka mwenyewe, wallahi nilitaka. Nikaishika, nikaiweka, nikaishika tena. Mwishowe nikamsogezea.

"Suka wewe," nikamwambia.

Alisuka siku nne kwa kupapasa. Siku ya tano akatunga uzi kwenye sindano, akalaza ukili wake kando ya mkeka wa mama, kisha akasita.

"Hutaufumua?"

"Siufumui."

Alishona mpaka adhuhuri, na kila baada ya mishono michache aliinua uso, akaitafuta mikono yangu ilipo.