Siku Darasa Lilipokuja Kumlilia Anti Poni

Mkicheka chekeni polepole, maana aibu hii bado mbichi, na mpaka leo nikipita pale kwenye bomba la maji la Gurei, mtaa wetu hapa Juba, nainamisha kichwa utafikiri nimeiba kuku wa mtu. Mimi Wani, mtu mzima na ndevu zangu, nilimuua anti yangu mbele ya darasa kwa Kiitaliano, nikapewa alama nzuri kwa kazi hiyo, halafu darasa zima likaja nyumbani kumlilia wakati yeye mwenyewe yuko uani anakanda unga.

Anti Poni ni dada yake baba, na ndiye aliyenilea. Tulipokimbia vita kwenda Uganda alinibeba mgongoni, tukakaa Bweyale miaka na miaka, akajifunza chapati kwa Waganda na Kiswahili kwa madereva wa malori (ndiyo maana Kiswahili chake ni kile cha "mimi iko", na ukijifanya kumsahihisha anakuambia basi kapike mwenyewe). Tuliporudi Juba akafungua kibanda karibu na bomba, na hizo chapati ndizo zinazonisomesha mpaka chuo. Sasa, kipindi cha mtihani wangu alikuwa amegundulika ana uvimbe kwenye ziwa. Hospitali wakakata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa, wakasema majibu yakitoka watapiga simu, na namba waliyoandika ilikuwa yangu kwa sababu simu yake haisikiki vizuri. Kwa hiyo kila simu yangu ilipolia, Anti aliacha anachofanya akaniangalia usoni. Nikisema ni rafiki tu, anarudi kwenye unga wake.

Kwenye Kiitaliano niliingia kwa tamaa ya kuwa mkalimani. Mwaka wa kwanza ulikuwa mteremko, habari yako, naitwa fulani, naomba kahawa, nikajiona tayari mimi mtu wa Roma. Kiwango cha kati ndicho kilichonivua nguo. Huko hawataki tena kahawa, wanataka usimulie maisha. Mtihani wetu wa mdomo ulikuwa kusimama mbele ya wenzako na kueleza habari za mtu uliyempenda na jambo lililompata, kisha mwalimu anakuuliza maswali. Maswali ndiyo niliyoyaogopa kuliko hata kufeli.

Asubuhi ya mtihani kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu, kifungu cha kwenye kitabu chetu cha kusomea, bibi mmoja wa kijijini huko Italia anakufa na mjukuu wake anasimulia habari zake. Kile nilikijua chote kwa moyo. Nikawaza, Mwalimu Chiara ni Mwitaliano na kitabu anakijua, akisikia tu atanikamata, basi ngoja nikivalishe nguo nyingine. Nikamtoa bibi nikamweka Anti Poni. Nikatoa mikate nikaweka chapati, nikatoa kisima chao nikaweka bomba la Gurei. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa kifo, kwa sababu sehemu ya kifo ndiyo niliyoikariri vizuri zaidi (na hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa).

Nikasimama, nikaanza, na jamani, maneno yalitiririka. Nilipofika kwenye mazishi nikasahau sentensi inayofuata. Giza. Nikafunika uso kwa mkono nikiitafuta, mabega yanatetemeka kwa hofu, na nikasikia mtu anavuta kamasi nyuma ya darasa. Kabla sijaelewa, Mwalimu Chiara alishainuka kwenye kiti, amenikumbatia, macho mekundu, ananiambia nikae, kwamba kwa hali niliyo nayo hataniuliza swali hata moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kueleweka kwa Kiitaliano. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo niseme mwalimu, samahani, anti yangu mzima, ila nilifikiria yale maswali, nikaenda kukaa.

Nje akanifuata Sunday, kiongozi wetu wa darasa, kijana aliyekulia kambi ya Kakuma kule Kenya na roho yake nzuri kupita kiasi. Akaniuliza bika iko wapi, yaani kilio kinafanyikia nyumba gani. Nikamjibu kwamba ni mambo ya familia tu, wasijisumbue, nikapanda boda nikapotea. Sasa mtu wa Juba ukimwambia asijisumbue kuja kwenye bika, ndiyo umemwambia awahi. Na mahali hawakuhitaji kuuliza, maana bomba na chapati nilivitaja mwenyewe kwenye mtihani.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naoga kwenye kibanda chetu cha makuti nyuma ya nyumba, sabuni kichwa kizima, nikasikia wanawake wanalia getini. Kilio cha bika, kile cha kuingia nacho. Nikadhani ni kwa jirani. Halafu kikaingia uani kwetu.

Nilichungulia kwenye tundu. Darasa lote liko pale, wasichana mikono kichwani, Sunday kabeba mfuko wa sukari begani, wengine katoni za maji na majani ya chai, na katikati Mwalimu Chiara kajifunga kitenge, anasema "malesh, malesh" kwa Kiarabu cha Juba, pole aliyofundishwa njiani. Jirani yetu Mama Brenda, Mganda mwenye duka la sabuni, kusikia tu akaja mbio naye analia kwa sauti, ingawa hajui nani amekufa. Na Anti Poni (hapa ndipo mimi nakufa kila nikikumbuka) akaacha beseni, akaenda kumkumbatia Mwalimu Chiara na mikono yake ya unga, akalia naye. Anti ndivyo alivyo. Watu wamekuja na msiba, analia nao kwanza, kuuliza baadaye.

Walipopumua kidogo akauliza ni nani ametutoka. Mimi nilishatoka na taulo, sabuni inaniingia machoni, natafuta njia ya kumfikia Sunday, sikuwahi.

"Tumekuja kwa sababu ya Anti Poni," Sunday akasema kwa heshima zote. "Anti yake Wani. Yule wa chapati."

Mama Brenda alinyamaza mdomo wazi. Anti hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, pale pale kwenye udongo, akaniangalia mimi peke yangu, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye lile ziwa.

"Wani," akasema. "Hospitali ilipigia wewe simu?"

Watu wangu, mimi nilitamani kifo nilichomzulia kinichukue mimi. Nilipiga magoti na taulo langu, nikasema hapana Anti, hawajapiga, hakuna majibu, ni hadithi ya kitabu, ni mtihani tu. Nikaapa kwa Mungu na kwa kaburi la baba. Sunday akamnong'oneza Mwalimu Chiara kwa Kiingereza, na yule mama wa watu akaweka mkono mdomoni, safari hii hakunikumbatia.

"Kitabu ya Wataliano inajua jina yangu?" Anti akaniuliza. "Inajua mimi iko hapa kwa bomba nauza chapati?"

Wenzangu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga vizuri. Sukari wakaiacha, maana kitu ulichopeleka kwenye kilio utarudi nacho vipi, na Anti akakataa isivuke mlango. Ikakaa uani mpaka mvua ikainyeshea, ikayeyuka na sisimizi wakaja kusherehekea.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile Jumamosi. Vijana wa boda walianza kuagiza "chapati za marehemu" wakicheka, wateja wengine wakaacha kabisa kuja. Anti alikubali kwa mdomo kwamba ni mtihani, ila moyoni hakuamini. Alianza kugawa vitu vyake, akampa Mama Brenda sufuria yake kubwa. Usiku nilimsikia anajigeuza kitandani, nami nalala nimekodoa macho, namlaani yule bibi wa kwenye kitabu.

Mwishowe hospitali wakapiga kweli, wakasema tuje tuzungumze na daktari. Daktari yule anaongea Kiingereza, na siku zote ni mimi niliyemtafsiria Anti. Nikainuka kuingia naye, akaniwekea mkono kifuani.

"Wewe kaa nje. Mama Brenda ataingia."

Nikakaa kwenye benchi, mimi mkalimani mtarajiwa, nikitazama mlango uliofungwa. Walipotoka, Anti alinipita kama hanioni, kisha akarudi.

"Wamesema hakuna ugonjwa mbaya. Mimi iko mzima. Enda uambie wenzako na hiyo Kitaliano yako."

Nikalia pale pale. Nililia kwa sauti, mkono usoni vilevile kama siku ya mtihani, mabega yanatetemeka, nimeshindwa kujizuia. Anti akanisogelea.

"Na hiyo kilio," akasema, "imetoka kwa kitabu gani?"

Nilikwenda kweli darasani nikawaambia kwamba anti yangu yuko hai, kwa sentensi fupi zenye makosa, maana kitabu chetu kina mazishi ila hakina mtu anayerudi. Hakuna aliyenipa pole. Alama zangu zikafutwa, na mwaka huu narudia kiwango cha kati nikiwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa. Nimeapa sitamzika tena mtu kwa lugha yoyote, hata wa kwenye ndoto. Mtihani wa mdomo unakaribia na swali ni lile lile, mtu unayempenda, na Anti Poni ameshanikataza kutaja jina lake, hata kwa kumsifu. Sina mwingine wa kusimulia habari zake.