Gari Lililolia Nikiwa Ndani Tu

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, siku niliyokataa kushuka garini. Utacheka. Hata mimi sasa huwa nacheka, lakini wakati ule sikuwa na kicheko.

Nilikuwa mke mpya hapa Kolwezi, nimetoka kwetu Tenke hata mwaka haujaisha. Mume wangu Kazadi alikuwa na Toyota nyekundu aliyoipenda, sitasema kuliko mimi, ila tulikuwa tunafuatana kwa karibu. Vijana walikuwa wameshikwa na homa ya kushusha magari. Walitoa resori ndefu, zile springi za magurudumu, wakaweka fupi, gari likakaa chini kama kuku anayelalia mayai. Na barabara zetu unazijua, malori ya madini yanazichimba kila siku. Nani anashusha gari kwenye mashimo namna hii? Wao walishusha. Rafiki yake Chola, fundi, alimfungia resori hizo, na Jumapili tukaenda kanisani huku watu wakitutazama.

Njiani nikasikia ko! chini ya miguu yangu.

"Gari inalia," nikamwambia.

"Inalia wapi?"

"Sijue. Huku ku miguu."

Yeye aliendesha na muziki juu, na kila kishindo kwake kilikuwa ni barabara. Lakini alizima muziki, akasimama. "Shuka kwanza, nisikie muzuri."

Nikashuka. Akazunguka mtaa peke yake, akarudi. Kimya. Kesho yake nikasikia tena, nikashuka tena, kimya tena. Chola naye akaja, akaniomba nishuke, akalinyanyua gari kwa jeki, akatikisa gurudumu moja moja, akakaza kila nati. "Mulamu," akaniambia, maana shemeji huku tunamwita hivyo, "mule haina kitu."

Sasa fikiria mwenyewe. Nikiwa ndani, linalia. Nikishuka, linanyamaza. Gari gani linachagua mtu wa kumlilia? Nikadhani ni viatu vyangu, nikapanda peku. Ko! Nikadhani ni moyo wangu, nikashika kifua nione kama sauti inatoka humo. Kazadi akaanza kunitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinitisha kuliko hasira. Mama mkwe akasema wapo wanawake wanaosikia mambo, na huanza hivyo hivyo kidogo kidogo. Wakanipeleka kwenye maombi. Nikawekewa mikono kichwani, nikasema amina kwa nguvu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nina kasoro. Tulipopanda gari kurudi nyumbani, ko!

Mwishowe ikaamuliwa nirudishwe kwetu Tenke nikapumzike. Wewe bado kijana, labda hujui maana yake. Mwanamke akirudishwa na begi lake kwa sababu ya kichwa, hakuna anayekuja kumchukua tena. Nilijua nikifika Tenke, ndoa yangu imekwisha.

Siku ya kuondoka, begi likiwa tayari ndani nami nimeshakaa kitini, Chola alikuja kukagua gari kabla ya safari. Kazadi akafungua mlango wa upande wangu. "Shuka kidogo, Chola apime."

Sijui nini kilinishika. Nadhani nilikuwa nimechoka tu.

"Mi sitashuka," nikasema. "Nimeshuka mingi. Apime na mi ndani."

"Mama, juu ya nini unafanya vile?" Kazadi akaniuliza sababu.

"Apime na mi ndani. Kisha munipeleke kwenye munataka."

Wakatazamana. Chola akapanda nyuma, muziki ukazimwa, tukaelekea kwenye shimo la pale kwenye kona. Ko!

Kazadi akageuza gari, akapita shimoni mara ya pili. Ko!

"Njo ile sauti?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Njo ile." Nikaanza kulia, mwanangu, nikalia mpaka tukafika nyumbani.

Chola akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu la mbele la kulia, upande wangu, maana huku dereva hukaa kushoto. Safari hii hakuniambia nishuke. "Huku kapira haiko," akasema. Kwenye amotisa, kile chuma kinachopunguza mtikiso wa gari, hukaa mpira wa kuzuia chuma kisigonge chuma. Upande wa dereva ulikuwepo. Upande wangu ulikuwa umechakaa ukadondoka, na alipofunga resori mpya hakuangalia. Kiti changu kikiwa kitupu, gari linabaki juu na vyuma havifikiani. Nikikaa, vinagongana. Uzito wangu ndio uliohitajika, na kila walipotaka kupima, kitu cha kwanza walichofanya ni kuuondoa.

Begi likateremshwa. Watu wakacheka, mama mkwe akamshukuru Mungu kwamba gari limepona. Gari! Mimi nilibaki nimechanganyikiwa kwa muda mrefu. Nilikuwa nikisikia chungu kikichemka, namwita jirani aje anihakikishie. Halafu jioni moja tukiwa mezani Kazadi akaniona nimeinua kichwa, ninasikiliza, na nimenyamaza.

"Unasikia nini?"

"Sijue. Pengine haina kitu."

Akaacha chakula chake, akaja kukaa kando yangu. "Basi tusikie wote."

Ilikuwa panya darini. Lakini nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Kwa hiyo, mwanangu, mke wako akikuambia kuna kitu kinagonga, au mtoto wako, au mtu unayefanya naye kazi, usimshushe ndipo upime neno lake. Mwache akae pale pale anapoumia, kisha panda ukae naye. Na siku wewe ndiye unayesikia peke yako, usikubali upesi kwamba kichwa chako kimeharibika. Kaa kwenye kiti chako, waambie wapime ukiwa humo. Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akupe mtu wa kuacha sahani yake aje asikilize pamoja nawe, na wewe uwe mtu huyo kwa wako.