Baba Kadzo alitaka kuuona usonji kwenye picha

Wakuu, hamjambo huko mliko? Mimi niko hapa Mtopanga, mtoto amelala, acha niwasimulie. Sitii chumvi, maana Baba Kadzo mwenyewe yuko kando yangu anachungulia simu.

Kadzo wetu ana miaka minne. Hasemi. Ukimwita hageuki, lakini biskuti zikifunguliwa kwa jirani, huyo ashafika!

Daktari wa kliniki alituambia ni usonji, tuanze mapema therapy ya kumfundisha kuwasiliana.

Baba Kadzo akakataa katakata.

Sasa mjue kazi yake. Yuko Airport, kutwa mbele ya mashine ya kukagua mizigo. Ficha kisu ndani ya mkate, atakiona. Kwake, kisichoonekana kwenye skrini hakipo.

"Apigwe picha ya kichwa. Nikiona, ataanza. Nisipoona, msinisumbue."

Nililia jamani. Umri unaenda, na mtoto yuko tu.

Kwa vile Kadzo aliwahi kushikwa na degedege, daktari akakubali afanyiwe MRI ya kichwa. Akapewa dawa ya usingizi, akaingizwa.

Majibu yakaja: ubongo uko sawa.

Weee! Mtu alisimama akasema, "Si niliwaambia!"

Yule daktari, mama mmoja mpole sana, akamwambia, "Kaa, baba. Picha imetuonyesha hana uvimbe wala kovu, tushukuru. Lakini usonji haionyeshi. Watafiti wanalinganisha picha za watoto wengi, wanajaribu. Kumpima mtoto mmoja kwa picha peke yake, bado. Usonji tunaujua kwa kumtazama mtoto mwenyewe."

Kisha akamuuliza, "Kadzo akitaka maji hufanyaje?"

Mwanamume akanigeukia mimi.

"La, nakuuliza wewe."

"Hayo anayajua mamake," akasema.

"Basi leo nenda ukamtazame, kama unavyoitazama mizigo ya watu."

Jioni akavua sare, akaketi mkekani. Simu hakuigusa. (Hilo peke yake lilikuwa muujiza, lakini tuliache.)

Kadzo alikuwa akipanga vizibo vyake vya soda. Akainuka, akashika kidole cha babake bila kumtazama usoni, akamvuta mpaka kwenye ndoo ya maji, akauweka ule mkono juu ya kifuniko.

"Mama Kadzo! Njoo! Ananiambia! Mtoto anasema na mimi!"

Nikamwambia, "Mimi huniambia hivyo kila siku, bwana."

Akamnywesha huku machozi yanamtoka. Na mimi nikalia, lakini kwa furaha.

Siku hizi yeye ndiye humpeleka therapy, na nikichelewa kumvisha viatu nagombezwa mimi! Neno bado hatujapata. Lakini sasa Kadzo akishika kile kidole, humtazama babake usoni kidogo. Namshukuru Mungu, na yule daktari Mungu amzidishie.

Nililojifunza: kama daktari ameagiza scan, fanyeni. Lakini msimcheleweshe mtoto mkingoja picha iseme.

Haya, wenye watoto kama Kadzo: wenu wakitaka maji hufanyaje? Andikeni hapa chini. Baba Kadzo anasema atasoma zote.