Mukeke Bila Mawese

Ule ndio mwaka ambao watu wa Rumonge walikataa samaki. Miili ya watu ilikuwa inaelea ziwani, imevimba, na kila mtu alijua samaki wanakula nini. Watu wakashika mihogo na maharagwe. Mimi nilikula samaki. Sikuona haya, na leo sioni.

Nilikuwa mnene, tena unene wa kujivunia. Marehemu mume wangu alinisifu mbele za watu. Lakini tulipokimbia vita mara ya kwanza kwenda milima ya Bugarama, miguu ilinishinda. Wenzangu wakapita, nikabaki nyuma na mjukuu mgongoni. Mwenye panga akanifikia, akanipasua bega. Kichwa cha mtoto kilikuwa pale pale karibu. Muuguzi aliyenishona alisema:

"Maman, acha mawese. Bugali ya usiku acha. Kula samaki, mayai, maharagwe. Ukibaki na uzito huu, siku ingine hawatakukosa."

Basi nikaanza kupika ili niweze kukimbia. Samaki wa mukeke, nyanya, kitunguu, chumvi, maji. Bidon, dumu langu la mafuta ya mawese, nikampa jirani aniwekee, maana ikiwa ndani mkono wangu ungeifuata. Jirani akanicheka.

"Dada, hii ni supu ya mugonjwa! Utakonda mpaka watu waseme mabaya."

"Waseme. Mimi natafuta mbio."

Nguo zikaanza kunilegea. Nikawa napanda mlima na ndoo kichwani bila kusimama.

Jioni moja wakaingia wanaume watatu wenye bunduki. Mlango waliuvunja kwa mateke. Mjukuu alikuwa amelala. Binti yangu, huyu ninayeishi naye mpaka leo, alikuwa ananioshea sahani. Mkubwa wao akafunua chungu.

"Mawese iko wapi?"

"Hakuna."

"Nyumba ya Rumonge bila mawese? Na wewe munene hivi? Mukecuru, bibi kizee wewe, umeficha, ama umetia sumu?"

Akanilazimisha nionje kwanza, kwa mkono, chungu kikiwa bado kinachemka. Nikala. Ngozi ya vidole ikatoka, nami namwangalia machoni. Ndipo wakala wao, wakamaliza mpaka mifupa. Akajifuta mdomo, akamshika binti yangu.

"Huyu atatupikia kule juu. Yeye atatia mafuta."

Wakacheka. Sisi tulijua wasichana waliopelekwa kupika walirudi namna gani, wale waliorudi.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na miguu yangu sasa ilikuwa inaweza. Sikukimbia. Nikamkumbatia binti yangu kiunoni, nikaanguka naye chini, nikamlalia.

"Huyu mutoto nilizaa mimi, na haendi."

Kitako cha bunduki kikaning'oa meno. Kingine kikavunja mbavu. Wakatuvuta, mmoja miguu, mwingine nywele, wakatukokota mpaka kwenye majivu ya jikoni. Ile minofu aliyotaka muuguzi niimalize ilikuwa bado iko, na haikuinuka. Binti yangu alikuwa analia chini yangu, "Mama, waachie, watakuua!" Nikazidi kubana.

Risasi zikalia upande wa barabara. Wawili wakatoka mbio. Mkubwa akabaki mlangoni, akanielekezea bunduki.

"Kwa mara ya mwisho, mukecuru. Anakwenda?"

Nikatema damu ili maneno yatoke vizuri.

"Huyu mutoto nilizaa mimi, na haendi."