Ndiyo Iliyochelewa

Mdogo wangu ana kigugumizi cha herufi moja tu, N. Herufi nyingine zote anazitiririsha kama mhubiri, ila akianza sentensi kwa N ulimi unagota na sisi tunangoja. Utotoni mimi nilikuwa na haraka kuliko yeye, kwa hiyo nilimmalizia. Akianza "nnn" dukani, nasema "ndizi", tunapewa, tunarudi nyumbani. Mama alinichapa kwa sababu hiyo. "Mwache amalize mwenyewe," alisema. "Neno ni lake."

Sikuwahi kufikiri kigugumizi hicho kingemfuata hadi bungeni, na kwamba ningekuwa Doha nikikisikia.

Aligombea ubunge bila chama. Chama kilimnyima tiketi, au yeye alikinyima heshima, inategemea unamuuliza nani. Sisi tulio Qatar hatuna kura ya mbunge huku. Tulicho nacho ni simu. Basi niliwakusanya watu wa kwetu sebuleni mwangu mtaani Abu Hamour baada ya ibada ya Ijumaa, manesi wenzangu, walinzi, madereva, wafanyakazi wa nyumbani, nikawaomba kila mmoja ampigie mama yake. Niliwaambia, huyu namjua, nimembeba mgongoni. Mama zetu walipanga foleni kwa neno langu.

Yeye naye alitoa lake. "Wabunge wenzangu watakuwa na kiranja wa chama wa kuwaambia wapige kura vipi," alisema. "Kiranja wangu ni nyinyi." Na kweli, aliposhinda, baada ya kila kura bungeni aliandika kwenye grupu letu: leo nimesema ndiyo, au leo nimesema la, na sababu ni hii. Tukimkaripia, alijibu. Alimjibu hata dereva mmoja wa Al Sadd ambaye hajawahi kuridhika na jambo lolote chini ya jua. Nilijivuna sana, sitaficha.

Kisha ukaja mswada wa mawakala wa kazi za ughaibuni. Kifungu kimoja kilisema wakala aendelee kuwajibika kwa mtu aliyemsafirisha hata baada ya ndege kuruka. Katika grupu letu alikuwamo dada anayefanya kazi katika nyumba moja Al Thumama. Aliahidiwa kazi ya hoteli. Alipotua akajikuta jikoni mwa watu, na tangu siku hiyo wakala hashiki simu yake. Alimwandikia mdogo wangu ujumbe mrefu kuhusu kifungu kile, naye akamwahidi mbele yetu sote kwamba atakitetea.

Saa zetu na za Nairobi ni moja, na alasiri hiyo sikuwa zamu. Nilitazama kikao kwenye simu huku nikipiga pasi sare zangu. Mbunge mmoja alipendekeza kifungu kiondolewe. Spika, aliyekuwa akiendesha kikao kwa Kiswahili siku hiyo, akasema wanaounga mkono waseme ndiyo. Ukumbi ukanguruma. Sauti zilipotulia, ikaja moja nyuma yao, peke yake, imechelewa.

"Nnn... diyo."

Wanaopinga walipoitwa waseme la, nilitega sikio. Walikuwa wachache, na yeye hakuwa mmoja wao. Pasi iliniunguzia kola.

Jioni aliandika kwenye grupu: "Kifungu kimeondolewa, ndugu zangu. Wengi wape. Inasikitisha." Hakusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililonichoma. Watu wakampa pole. Yule dada wa Al Thumama akaandika, "Mungu akubariki kwa kujaribu, mheshimiwa."

Nilimpigia.

"Nimekusikia," nikamwambia.

"Umesikia nini, dada?"

"Usinifanye mjinga. Nimekusikia."

Yakamtoka. "Mimi sina chama. Wenzangu wakitaka kitu, chama kinawaombea. Mimi naomba mmoja mmoja, kila siku. Waliniambia niwaachie hiki, na wao wataniunga mkono nipate wodi ya wazazi kule kwetu."

Mimi ni nesi. Najua akina mama wa kwetu wanajifungulia wapi na wanafikaje huko. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

"Basi waambie hivyo," nikasema.

"Kura ya sauti haina majina, dada. Haijaandikwa popote."

"Ijumaa tutakuwa kwangu. Utapiga simu uwaambie. Usipopiga, nitasema mimi."

Alipiga. Niliiweka simu mezani, katikati ya vikombe, sauti juu. Aliwasalimu, akauliza habari za kazi, akauliza habari za joto. Yule dada hakumngoja azunguke zaidi.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Kwa kile kifungu, wewe ulisema ndiyo ama ulisema la?"

"Nnn..."

Tukangoja.

"Nnn..."

"Nilikataa!" dereva akadakia. Yeye asiyeridhika, ndiye aliyekimbia kumwokoa. "Anataka kusema nilikataa."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ingetosha mimi kunyamaza tu. Mdogo wangu angesema asante, tungekunywa chai, na mimi ningebaki dada wa mheshimiwa.

"Mwacheni amalize mwenyewe," nikasema.

Ilichukua muda. Sijui muda gani; dereva alitazama viatu vyake.

"Ndiyo," mdogo wangu akasema. "Nilisema ndiyo." Akaeleza habari ya wodi, bila kujipamba, na akaomba msamaha kwa ule ujumbe wa wengi wape.

Hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana. Yule dada aliweka kikombe chake mezani.

"Mama yangu ana miguu mibovu," akasema. "Alisimama kwenye foleni tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyemwambia asimame. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Mwambie mimi..."

"La, mheshimiwa. Nakutumia nambari yake. Mwambie mwenyewe."

Akatoa simu yake, akatuma. Mlinzi mmoja akatoa yake. Manesi wakatoa zao, na dereva pia, huku akinung'unika. Sebule yangu ikajaa watu walioinama wakitafuta nambari za mama zao.

Nilikuwa wa mwisho. Nambari ya mama yetu anayo tangu zamani. Nilimtumia hata hivyo.