Mjumbe Anayekufahamu

Jumatatu, kwenye ofisi moja ya umma hapa Tunduma, mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama aliyetoka Ikinga kuomba kuwa mjumbe wa bodi ya maji. Karani alipitia fomu yake, akagonga kalamu kwenye mstari mtupu.

"Mama, hapa unaandika jina la mjumbe wa bodi anayekufahamu."

"Hakuna, mwanangu. Mle ndani hamna Mndali mwenzangu."

"Bodi haina kabila, mama."

"Sawa, haina. Ila wote wanatoka upande ambao bomba limefika."

Mama akaigeukia picha ya wajumbe ukutani, akaikagua uso kwa uso bila haraka, kama anayetafuta ndugu.

"Ningemjua hata mmoja, nisingepanda gari kuja huku. Andika hayupo."

"Fomu itarudishwa."

"Irudishwe. Watakuwa wameisoma."

Karani akaandika "hayupo", akagonga muhuri. Sikumlaumu, fomu hakuitunga yeye. Zamu yangu ilipofika nilimwuliza tu kama yeye anamfahamu mjumbe yeyote.

"Wanne," akasema, akiiweka sawa karatasi ya mama. "Tunatoka kijiji kimoja."