Alvar Tengblad na Maktaba Yake ya Wiki

Katika jengo letu hapa Göteborg, watu wachache sana walijua kwamba Alvar Tengblad wa ghorofa ya pili ana kitu kinachotumiwa na watu mpaka Brazili na Japani. Mimi mwenyewe nilionana naye kila Alhamisi kwenye chumba cha kufulia, kule chini ya jengo, na bado ilinichukua miaka kujua. Nilimjua kama mtu wa karakana ya tramu, mpanga zamu za madereva. Mrefu, sweta moja la kijani, hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hufikiri kwanza mpaka muulizaji ajute kuuliza.

Kitu chenyewe ni maktaba, lakini usitafute vitabu humo. Wanaoandika programu za kompyuta huita maktaba lile fungu la kazi ndogondogo ambazo mtu keshazifanya vizuri, kisha akaziweka hadharani bure, ili mwenzake asianze upya. Anayetaka huchukua. Anayeona kasoro husema, au huitengeneza mwenyewe.

Ya Alvar ilihesabu wiki. Watu wa huku hawakwambii tutaonana tarehe fulani ya Julai, watakwambia wiki ya ishirini na nane, na ole wako usiyejua. Kuhesabu wiki kunaonekana rahisi mpaka mwaka uishie katikati ya wiki. Hapo ndipo madereva wawili hufika kwenye tramu moja, na tramu nyingine ikakosa mtu. Alvar alichoka na hayo, akaandika maktaba yake kwa lugha inayoitwa Haskell. Nilimuuliza siku moja lugha hiyo ina tofauti gani na nyingine za kompyuta. Akafikiri. Soksi zake zikazunguka mle mashineni.

"Humu," akasema, "ukishasema hiki ni tano, ni tano mpaka kiyama. Hakuna atakayepita nyuma yako akakigeuza sita. Na kazi ukiipa kitu kilekile, itakupa jibu lilelile, leo na kesho."

"Basi hiyo ndiyo ya kuoa," nikamwambia.

"Usimwambie Gunnel," akasema. Gunnel ndiye mkewe.

Sasa, watu wa lugha hiyo wana desturi yao. Maktaba moja husimama juu ya nyingine, na ile ya chini kila baada ya muda hutolewa toleo jipya. Kwa hiyo kila mwenye maktaba huandika kikomo: yangu nimeijaribu mpaka toleo hili la chini, likija jingine sijui, msinibebeshe lawama. Toleo jipya likija, maktaba hukataa kulipokea mpaka mwenyewe alipime, ndipo akisogeze kikomo mbele. Wapo wanaosogeza bila hata kutazama. Alvar hakuwa wa namna hiyo.

Mwaka mmoja toleo jipya la chini likatoka, watu wakamngoja Alvar asogeze. Hakusogeza. Wakaandika kwa adabu, pale hadharani wanapoandikiana. Kimya. Wakaandika tena bila adabu nyingi, maana maktaba nyingine zilizosimama juu ya yake nazo zilikwama. Mwishowe mmoja akauliza, "Kuna anayejua kama mwenye kitu hiki yu hai?"

Alvar alifunga kompyuta. "Waandike marehemu, basi," akamwambia Gunnel.

"Marehemu hali," Gunnel akajibu. "Nirudishie sahani yangu."

Ndipo akajitokeza Kinga Wrzos, msichana wa Gdańsk, ng'ambo ya bahari, anayeandika programu za ratiba za feri. Maktaba ya watu haichukuliwi kinyemela. Anayeitaka humtafuta mwenyewe kwanza, akimkosa hutangaza mbele ya wote, kisha hungoja majuma kadhaa. Mwenyewe asipojibu, ufunguo wa maktaba, yaani ruhusa ya kuitolea matoleo mapya, hupewa mwombaji. Kinga aliandika barua pepe, akakosa jibu, akatangaza. Muda wake ulikuwa unaisha siku ya Ijumaa.

Gunnel alinieleza haya kwenye ngazi, mfuko wa maziwa mkononi. "Kila jioni anafungua, anasoma lile tangazo, anafunga. Anatazama anavyozikwa, na yeye mwenyewe yumo kaburini anasikiliza."

"Ananuna?"

"Anasema ananuna. Mimi sijui."

Alhamisi mchana nilikuwa chini nakunja mashuka yangu, Alvar yuko kwenye benchi anangoja mashine. Mlangoni alisimama Bi Majken wa ghorofa ya nne na kapu lake la nguo. Kwetu kila nyumba ina saa zake za kufua, na mtu akiondoka akaacha mashine bure, mwingine ana haki ya kuichukua. Bi Majken alikuwa anaomba Mungu Alvar aondoke.

Akaingia msichana mwenye mkoba mgongoni, nywele zimelowa mvua. Kumbe alikuja kwa feri, akapanda treni, akabisha juu, na Gunnel akamwambia, "Shuka chini. Leo hawezi kukukimbia, anafua."

"Wewe ndiye Alvar?" akauliza, kwa Kiswidi kilichopinda kidogo.

Alvar akatazama mlango. Bi Majken akatabasamu. Alvar akabaki palepale.

"Ndiye."

"Uko hai."

"Daktari ndivyo anavyosema."

"Mimi Kinga. Nilikuandikia."

"Niliona."

"Zote?"

"Zote."

Msichana akakaa, puu! "Mungu wangu! Mimi nilikuwa naona haya kumsumbua mjane wako. Kumbe unafua!"

"Binti ana haki ya kukasirika," Bi Majken akasema. "Na kama mna maneno marefu, juu kuna viti."

"Muda wangu haujaisha, Majken," Alvar akasema.

Kinga akashusha sauti. "Sikuja kukunyang'anya. Ukisema hapana, tangazo nalifuta sasa hivi. Lakini watu wamekwama. Sogeza kikomo tu. Ni tarakimu moja."

"Si tarakimu moja."

"Ni nini, basi?"

Alvar akafikiri kwa desturi yake.

"Toleo lilipotoka nililijaribu," akasema. "Maktaba ikavunjika. Mwaka ukifika mwisho, wiki inarudi nyuma. Nimehangaika nayo msimu mzima wa baridi. Siwezi."

"Kwa nini hukuandika hivyo?"

"Niandike siwezi? Mbele ya wote? Wameniamini miaka yote hii."

"Ukaona afadhali tukuite maiti."

"Maiti haulizwi maswali."

Kinga akatoa kompyuta yake mkobani. "Nionyeshe."

Nikasogeza mashuka yangu, wakaketi kwenye meza ya kukunjia nguo. Mwanzo msichana alikwenda mbio, "Aa, hii ndogo hii," mara "Ngoja." Halafu akavuta nywele zake, akapandisha maandishi, akayashusha, akayapandisha tena.

"Hii ngumu," akasema mwisho.

"Ngumu," Alvar akaitikia, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyepewa pole msibani baada ya watu wote kupita bila salamu. Wakainama tena, wakaanza kubishana. Nguo za Alvar zilikwisha kufuliwa na kukamuliwa, Bi Majken akazitoa, akatia zake, wala Alvar hakugeuza kichwa.

Hawakuitengeneza siku ile. Jioni Gunnel alitulisha supu ya njegere na chapati za maji, kama ilivyo desturi ya huku kila Alhamisi, na Kinga akala akitazama saa ya treni. Mlangoni alimshika Alvar mkono. "Kesho muda unaisha. Kukujibia siwezi. Ukinyamaza, nitapewa ufunguo, na nitaupokea."

Alipoondoka, Alvar aliileta kompyuta mezani kati ya vyombo. Akaandika polepole, akatusomea:

"Mimi ni Alvar Tengblad. Niko hai. Kikomo sikukisogeza kwa sababu maktaba yangu inakosea mwisho wa mwaka, na nimeshindwa kuitengeneza. Naomba Kinga Wrzos apewe ufunguo, na mimi niachiwe wangu. Kasoro yenyewe nimeionyesha hapo chini. Mwenye wazo aniambie."

Kidole kikabaki hewani.

"Andika bado unatafuta," Gunnel akamwambia kwa upole. "Hapo kwenye nimeshindwa."

"Uongo huo. Nilishaacha kutafuta tangu Machi."

"Basi iache ilivyo."

Akaisoma tena midomo ikicheza bila sauti. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Kisha akabonyeza, akaifunga kompyuta, akanisukumia jamu ya kupaka chapati.

"Kula, bwana," akaniambia. "Zinapoa."